Niliuza Vidole vya Mdogo Wangu kwa Sanduku la Michezo

Nina miaka ishirini na minane, sijaoa, na nina shahada ambayo mama yangu ameitundika ukutani juu ya televisheni. Chini ya televisheni hiyo, ndani ya kabati, kuna sanduku jeusi la plastiki ambalo hakuna mtu nyumbani kwetu anayeligusa. Nataka kuwaeleza, wasomaji wenzangu, jinsi nilivyolipata sanduku hilo... na aliyelilipia.

Nimezaliwa na kulelewa Garissa. Kwetu mtu hakosi jina la utani, na mimi tangu utotoni naitwa Swali. Nilimuuliza mwalimu wa madrasa maswali mpaka akanihamishia safu ya nyuma. Nilipofika chuo kikuu Nairobi nilizidi. Nilihoji serikali, nikahoji wazee wa ukoo, nikahoji masheikh na wahadhiri. Wenzangu wa bwenini walisema kwamba nikifa nitamhoji malaika wa kaburini kabla yeye hajanihoji.

Lakini kulikuwa na swali moja ambalo kwa miaka kumi na minne niliomba mtu yeyote asiliulize.

Baba yetu, Aabo, alikuwa dalali wa mifugo katika soko la Garissa. Kwa msiokujua kwetu, mnyama hauzwi kwa kelele. Muuzaji na mnunuzi hupeana mikono, dalali huifunika kwa shali na kuweka wake humo humo, na bei husemwa kwa vidole chini ya kitambaa. Unabana kidole kimoja, unabana viwili, unaachia. Wanaosimama pembeni hawajui kitu. Hakuna karatasi. Kesho asubuhi ukikana ulichobana jana, ni neno lako dhidi ya neno la mwenzako, na anayeaminiwa ni dalali. Kwa hiyo dalali mwongo hana kazi. Aabo alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini akitumia shali ile ile moja ya kijivu.

Nilipokuwa mdogo ukame ulitupiga vibaya. Majirani zetu, Wakenya kama sisi, walienda kambi za Dadaab wakajiandikisha kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula. Nani angewalaumu? Mtoto analia njaa, na umbali wa saa chache kuna unga na mafuta yanagawiwa. Mtu alijiita jina jingine, akasema ametoka ng'ambo ya mpaka, akapewa kadi. Wengi waliona ni werevu.

Aabo alituketisha mkekani na kutuambia kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayeandikwa kambini. Mama yangu, Hooyo, alimkumbusha kwamba dada yake mwenyewe yuko Ifo, mojawapo ya kambi hizo, na anakula mgao huo.

"Dada yako alikimbia vita," Aabo akasema. "Sisi tumemkimbia nani?"

Tulikula uji usio na maziwa miezi mingi mwaka ule. Lakini hakuna aliyeandikwa.

Huyo dada wa Hooyo ndiye Habaryar Kaltuma, yaani mama yetu mdogo. Aliolewa Kismayu kabla ya vita, na mumewe alikuwa mpishi wa meli. Kwenye safari zake za Uarabuni mume huyo alinunua mchezo wa televisheni wa zamani sana, katika ile ya kwanza kabisa kuingia majumbani. Vita vilipowakuta walikimbia na vitu vitatu: mtungi wa maji, Kurani, na lile sanduku. Kwa nini sanduku? Nilimuuliza Habaryar mara nyingi. Alisema mumewe alikataa kuliacha, akasema siku moja watakuwa tena na nyumba yenye ukuta wa kuegemezea televisheni. Mume alifia Ifo. Sanduku likabaki kwa mtoto wao wa mwisho, Liban, aliyekuwa akilipeleka kwenye kibanda kimoja sokoni chenye jenereta na kuwachezesha wenzake.

Liban naye akafa kwa homa. Alikuwa na miaka minane.

Likizo ya mwezi wa nne baada ya kifo hicho, Hooyo alitutuma Ifo mimi na mdogo wangu Yusuf tukamliwaze dada yake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Yusuf saba. Tulipanda lori la mchele la rafiki yake Aabo. Yusuf alitapika njia nzima, na kila akimaliza alinyanyua uso na kusema, "Bado niko hai, walaal," yaani ndugu yangu, watu wakacheka.

Nyumbani kwa Habaryar nililiona sanduku kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limefungwa kwenye shuka la Liban, juu ya kreti. Aliniruhusu kulifungua. Mbele lilikuwa na uso wa mbao, ambao nilipoukwaruza kwa ukucha nikagundua si mbao, ni karatasi ya rangi ya mbao. Juu lilikuwa na swichi za chuma na tundu refu la kuchomekea kaseti. Kaseti zilikuwa tatu, nene kama kitabu cha sala. Kulikuwa na mikono miwili ya kuchezea, kila mmoja ukiwa na kijiti cheusi na kitufe chekundu.

Tulilipeleka kwenye kile kibanda. Kaseti ya kwanza ilikuwa ya vifaru. Ya pili ilikuwa ya kuruka mashimo. Ya tatu ilikuwa ya kipande cheupe cha mwanga kilichorushwa na vibao viwili, hiki kwako, hiki kwangu, na juu ya kioo namba zikiongezeka. Rahisi mno, sivyo? Leo mtoto wa miaka mitatu angeicheka. Mimi nilisahau kula. Nilirudi nikiwa nimeshikwa na tamaa ambayo sijawahi kuisikia tena kwa kitu wala kwa mtu.

Siku tatu kabla hatujaondoka, kambini ilitangazwa kwamba watu watahesabiwa upya. Kila mtu aliye kwenye kadi aje mwenyewe, aweke vidole kwenye mashine. Asiyekuja atafutwa. Kadi ya Habaryar ilikuwa na watu sita, na waliokuwa hai walikuwa watano. Hakuwa ametangaza kifo cha Liban. Sahani ya Liban ndiyo iliyokuwa ikiwafikisha wengine mwisho wa mwezi.

Aliniita nyuma ya nyumba alipokuwa akifua.

"Swali, wewe ni mwanamume sasa," akaniambia. "Niazime ndugu yako kwa asubuhi moja."

Nilimuuliza afanye nini. Akasema aweke tu vidole na aitike jina la Liban. Nikamuuliza kwa nini si mimi. Akacheka kidogo, akanishika kidevu. "Wewe unaota ndevu. Liban wangu alikuwa mdogo." Nikamuuliza kama Aabo angekubali. Akaacha kufua. Akasema Aabo ni mtu wa kiapo na watu wa viapo hawajui njaa, na kwamba hata Hooyo asijue.

Hayo yalikuwa maswali matatu. Yangetosha. Mtoto mwenye akili angeishia hapo na kukataa, au angekubali kwa kumhurumia mama aliyefiwa. Mimi nilikuwa na swali la nne.

"Na lile sanduku?"

Alinitazama, mikono ikidondosha povu. Lilikuwa la mwanawe. Lilikuwa la mumewe. Mimi nilijua hivyo, na nikauliza... Mwishowe akasema, "Chukua. Chukua na kaseti zake." Akageuka, akaendelea kufua.

Asubuhi iliyofuata nilimshika Yusuf mkono mpaka kwenye foleni. Njiani nilimfundisha. Jina lako nani? Liban. Mama yako nani? Kaltuma. Alikuwa mwepesi, alinasa mara moja. Alipofika mbele mfanyakazi alimwekea kidole kimoja kimoja kwenye kioo chenye mwanga wa kijani, na Yusuf akacheka kwa sababu kioo kilikuwa na joto. Tulipotoka nilimwambia asimwambie mtu, hata Hooyo, hata Aabo, mpaka mimi nitakaposema. Nikamwapisha.

"Mpaka wewe useme," akarudia.

"Mpaka mimi niseme."

Nyumbani tulisema Habaryar ametupa zawadi. Hooyo alilia kwa ukarimu wa dada yake. Aabo alilizunguka lile sanduku kama anayekagua ndama, akatikisa kijiti, akauliza kama kinauma. Ndani ya wiki moja alikuwa akirudi kutoka sokoni, anavua viatu, anakaa mkekani na Yusuf kucheza ule mchezo wa vibao. Alikuwa hodari kuliko sisi sote.

"Usikikaze," alimwambia Yusuf. "Kishike kama mkono wa mnunuzi. Ukikaza anajua una shida."

Yusuf alifunga mabao, akaruka, akamwita Hooyo aje aone namba. Lakini sanduku lile halikuwa na kumbukumbu. Ukilizima, alama zote zinapotea, kesho mnaanza sifuri kwa sifuri. Yusuf alichukia jambo hilo. Mimi nililipenda. Nilidhani dunia yote inafanya kazi hivyo.

Miaka ikapita. Mimi nikapata kitambulisho bila taabu, nikaenda Nairobi kusoma. Yusuf akafanya mtihani wa kidato cha nne akapita vizuri, akaitwa chuo cha uuguzi nje ya mkoa wetu. Nikiwa mwaka wa mwisho akanipigia simu akiwa na furaha, akaniambia anaenda kuomba kitambulisho ili avuke kizuizi cha polisi cha daraja la Tana kama mwanamume.

Nilikaa kitandani na ile simu. Nilijua? Nimejiuliza mara nyingi. Nilijua. Nilijiambia kwamba mashine za kambi na mashine za serikali hazizungumzi, kwamba vidole vya mtoto hubadilika, kwamba ni zamani. Mimi, niliyekuwa nikibomoa hoja za wahadhiri kwa dakika mbili, nilizimeza hoja hizo zote bila kutafuna.

Kwetu kitambulisho hakitolewi hivi hivi. Unapita kwanza mbele ya kamati ya wazee wa kupiga msasa, nao humuuliza mzazi maswali, kwa sababu mpaka uko karibu na kila mtu anashukiwa. Kwa nini kijana wa sehemu nyingine asiulizwe hayo? Hilo ni swali zuri, na nimeliandikia insha. Lakini siku ile kwenye kamati alikuwepo Mzee Hirsi, mnunuzi wa ng'ombe, rafiki yake Aabo ambaye mikono yao ilikuwa imekutana chini ya shali maelfu ya mara. Aliuliza kwa kuwa lazima kuuliza. Mtoto huyu amewahi kuandikwa kambini?

Aabo akasema, "Wallahi, hakuna mtu wa nyumba yangu aliyewahi kuandikwa kambini."

Mzee Hirsi hakuuliza tena. Akatia sahihi.

Jibu lilirudi baada ya miezi. Afisa mmoja kijana aliigeuza karatasi kuwaelekea Aabo na Yusuf. Vidole vile vilikuwa na mtu tayari. Jina Liban, mzaliwa wa kambi ya Ifo, mkimbizi. Aabo akasema mashine imekosea. Afisa akamjibu kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza zaidi, "Mzee, hii mashine haina mjomba. Haimpendelei mtu, haimwonei mtu."

Hooyo alimpigia dada yake siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimekuja nyumbani, nilikuwa chumbani humo. Aliweka simu kwa sauti ili sote tusikie. Habaryar alikana. Alikana akiapa, akasema labda ni mtoto mwingine, akina Liban ni wengi. Nilielewa. Angekiri, kadi ya watu wote ingefungwa. Hooyo akatutazama mmoja mmoja.

"Kuna anayejua kitu?"

Yusuf alikuwa ameketi karibu na mlango. Alinitazama mimi. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake aingie kwanza. Nikasema, "Serikali hii inatuonea tangu zamani." Nikatoa hotuba ndefu. Aabo akanisifu kwamba nimesoma.

Yusuf akatazama chini.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mrama moja kwa moja. Yusuf alijaribu kwenda chuoni na barua ya chifu, akateremshwa kwenye kizuizi cha daraja la Tana, akarudishwa kwa miguu na sanduku lake la nguo kichwani. Nafasi yake ikapewa mwingine. Mtaani wakaanza minong'ono ya aina mbili. Wengine walisema Aabo alikula mgao kwa siri huku akijifanya mcha Mungu. Wengine walisema mabaya zaidi, kwamba Yusuf si mtoto wa Hooyo hata kidogo, ni wa dadake, ameletwa mjini kufichwa. Vijana kwenye kibanda cha chai walimwita "Mgeni". Walimwambia, "Warya, Mgeni, leo mnagawiwa nini huko?" Yusuf alicheka nao. Alinunua chai yake akaondoka.

Lakini sokoni hakukuwa na kicheko.

Nilimaliza chuo, sikupata kazi, nikarudi. Siku moja ya soko nilimfuata Aabo. Ng'ombe walikuwa wengi, vumbi limesimama. Muuzaji mmoja kutoka upande wa Masalani alikuwa na fahali wanne, na mnunuzi alikuwa Mzee Hirsi. Aabo akafungua ile shali ya kijivu akainyosha hewani, tayari kuifunika mikono yao. Mzee Hirsi hakutoa mkono wake. Aliuweka mfukoni.

"Leo tuseme kwa mdomo," akasema, "mbele ya watu."

Hakuinua sauti. Watu waliokuwa karibu waliacha biashara zao wakageuka. Kumwambia dalali tuseme kwa mdomo ni kumwambia sikuamini. Aabo aliikunja shali mara mbili, mara nne, akaiweka begani, akasema sawa. Akasimama palepale mpaka wakamaliza kuuziana bila yeye. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Maneno matatu yangetosha: ni mimi, Aabo. Nilifungua mdomo... nikamwambia twende kivulini, jua kali.

Hakurudi sokoni tena. Alikaa nyumbani, shinikizo la damu likampanda, mguu mmoja ukafa ganzi. Aliwahi kumwomba Yusuf amchomekee lile sanduku, wacheze. Mkono wake wa kulia ulikuwa hauna nguvu ya kushika kijiti, akashika kwa kushoto, akafungwa mabao kumi. "Leo umenifunga, mwanangu," akasema, na nilisikia alivyolikazia neno mwanangu. Yusuf akalizima haraka kabla Hooyo hajaona namba.

Aabo alifariki alfajiri ya siku ya tatu ya Ramadhani, miaka miwili iliyopita.

Mnajua desturi yetu. Kabla ya sala ya jeneza, mwana mkubwa husimama mbele ya watu na kuwaombea msamaha kwa marehemu. Anayemdai aseme, aliyekosewa amsamehe, asizikwe na mzigo wa watu. Nilisimama. Uwanja ulijaa, hata waliomkimbia sokoni walikuja. Nikayasema maneno yale. Kwa kawaida hakuna anayejibu.

Safari hii mtu alijibu. Mzee Hirsi alisogea mbele, akiegemea fimbo, machozi yakimtiririka ndevuni.

"Aliniapia uongo juu ya kijana wake," akasema, "nami nikatia sahihi yangu juu ya uongo ule. Nilimpenda. Namsamehe kwa ajili ya Allah."

Je, mtu anapewa nafasi ngapi? Baba yangu alikuwa amelala pale chini ya kitambaa cheupe, na rafiki yake anamsamehe kosa langu mbele ya mji mzima. Mamia ya watu walikuwa wakinisubiri nijibu. Yusuf alikuwa safu ya kwanza, karibu nami kiasi cha kunigusa.

Nikasema, "Allah akulipe, mzee."

Tukaswali. Tukamzika.

Tuliporudi nyumbani Yusuf aliingia chumbani kwetu, akatoa begi, akaanza kukunja nguo. Nilimuuliza anaenda wapi. Akasema Ifo.

"Ifo kufanya nini?"

"Kuishi. Huko nina kadi."

Nilimwambia asiwe mjinga, yeye si mkimbizi, tutapigania haki yake, nitaandika barua. Aliendelea kukunja. Kisha akaketi kitandani na kunitazama, bila hasira, kama alivyonitazama siku Hooyo alipompigia Habaryar.

"Uliniapisha, walaal. Mpaka wewe useme. Nilikungoja mbele ya Hooyo. Nikakungoja Aabo alipoacha soko. Leo nilijua utasema, kwa sababu nilijiambia, hata Swali hawezi kumzika baba namna hii." Akafunga begi. "Miaka kumi na minne. Sasa nimechoka kungoja."

Alikuwa akikumbuka kila kitu. Siku zote. Kioo cha kijani, foleni, jina. Angeweza kusema neno moja akaokoa chuo chake, jina la Aabo, maisha yake. Hakusema kwa sababu mtoto wa miaka saba aliniamini, na yule mtoto hakuwahi kuniondolea imani yake.

Niliropoka yote kwa Hooyo jioni hiyo, baada ya kufuturu, Yusuf akiwa tayari ameondoka. Hakunipiga, hakunilaani. Alitoa lile sanduku kwenye kabati, akalitazama, akalirudisha. Tangu siku hiyo ananipikia, ananifulia, na hajawahi tena kuniita Swali. Ananiita kwa jina langu lote, kama mgeni.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Hirsi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mbona unaniambia mimi? Mwenye haki umemzika jana." Ijumaa iliyofuata alisimama msikitini akasema mbele ya watu kwamba marehemu aliapa kweli, na kwamba yeye Hirsi ndiye aliyemdhulumu. Alilia sana. Watu wakalia pamoja naye. Wengine walikuja nyumbani kumwomba Hooyo msamaha, naye akawapa chai. Yote hayo yalimfikia kila mtu isipokuwa yule aliyeyahitaji.

Ofisini nimepeleka maelezo, kiapo, barua ya chifu, barua ya wazee. Kila mara kuna karatasi moja iliyopungua. Wananiambia jina la Yusuf liko kwenye orodha ya wanaochunguzwa wafutwe kambini. Ningesema alipokuwa na miaka kumi na minane, angali mwanafunzi, baba yake yuko hai kushuhudia, pengine ingekuwa rahisi. Sijui. Huo ndio ukweli, sijui, na sitapata kujua.

Mwaka jana nilikwenda Ifo na sanduku limefungwa katika shuka jipya. Nilitaka kulirudisha. Habaryar amezeeka, macho yamefifia, na Yusuf ndiye anayemchotea maji, anamsomea dawa, anamshika mkono kwenda msalani. Habaryar alipolipapasa lile sanduku alilisukuma pembeni. Akasema hana haja nalo, mwanawe amerudi.

Aliniambia Yusuf yuko sokoni, anauza mitumba. Nilimkuta katikati ya msongamano, amenipa mgongo, anapanga mashati. Nikamwita, "Yusuf!" Hakugeuka. Nikaita tena, nikasogea karibu zaidi. Hakugeuka. Mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia pembeni yake akanihurumia.

"Unamtafuta huyo? Mwite Liban."

Nilisimama pale, watu wakinipita kwa mabega. Kisha nikaita, "Liban."

Akageuka.

Wasomaji wenzangu, sina busara ya kuwapa, na sipendi wanaojifanya wanayo. Wazazi, msiwaazime watoto wenu majina ya watu, hata njaa ikiwa kali, maana mashine hizi hazizimwi zikaanza tena sifuri. Wakubwa wa nyumba, msiwaapishe wadogo zenu juu ya makosa yenu. Watawatimizia. Na wewe unayesoma hapa huku unajua jambo ambalo neno lako moja lingelinyoosha, usijihoji sana kama nilivyojihoji mimi. Nenda kaliseme leo, wakati yule uliyemkosea bado anageuka ukimwita kwa jina lake.